Chuo kidogo cha afya cha KKKT, bweni lazima: ada kamili ni ipi, na hizi sheria zikoje?

Dada_Mkubwa_Tanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi chuo cha afya cha KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Kiko ndani ya uzio wa hospitali ya misheni huko milimani, wanafunzi hawafiki mia mbili, na kukaa bweni ni lazima miaka yote mitatu. Amepewa Uuguzi na Ukunga, ila wameandika kwamba anayetaka Utabibu aandike barua kabla chuo hakijafunguliwa. Fomu ya kujiunga ina kurasa kumi na moja, naomba wanaozifahamu wanisaidie kuisoma.

Malipo ya mwaka wa kwanza yako hivi:

Ada 1,300,000
Malazi 200,000
Chakula 700,000
Mtihani wa Wizara 150,000
NACTVET (baraza la Taifa la elimu ya ufundi) 15,000
Bima ya afya 50,400
Mafunzo kwa vitendo 100,000
Sare 120,000
Fedha ya tahadhari 50,000
Kitambulisho 10,000
Serikali ya wanafunzi 10,000

Chini yake wameandika: ada kwa awamu mbili, asilimia 60 muhula wa kwanza na 40 wa pili, chakula nusu kwa nusu, "michango mingine yote hulipwa siku ya kuripoti". Mimi nimejumlisha nikagawa kwa mbili. Nimepatia?

Matokeo yake ya kidato cha nne: Kiswahili C, Kemia C, Biolojia D, Fizikia D, Kiingereza D, Uraia D, Elimu ya Dini ya Kiislamu B, Hisabati F. Kama mlivyoona, sisi ni Waislamu. Chuo kimesema kinapokea dini zote, lakini kwenye sheria kuna mstari usemao "ibada ya asubuhi ni sehemu ya ratiba ya chuo". Tena kuna sheria za kucha, nywele, simu, kutotoka getini bila karatasi. Mama ana wasiwasi. Tusije tukalipa halafu mtoto akarudi nyumbani mwezi wa pili.

---

Kaunta_ya_Ada

Dada, hujapatia, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama getini.

Jumla ya fomu yako ni 2,705,400. Nusu yake ni 1,352,700. Lakini kinachogawanywa ni ada na chakula tu. Siku ya kuripoti unadaiwa asilimia 60 ya ada, yaani 780,000, nusu ya chakula 350,000, kisha malazi na mengine yote kwa mkupuo, 705,400. Inakuwa 1,835,400. Ukienda na ile nusu yako umepungukiwa 482,700. Muhula wa pili utabaki na 870,000 tu, 520,000 ya ada na 350,000 ya chakula. Kwa hiyo mzigo uko mwanzoni, jipange hivyo.

Piga simu uulize jambo moja: mtihani wa Wizara unalipwa siku ya kwanza au baadaye kwa kontroo namba (namba ya malipo ya Serikali)? Vyuo vingine huikusanya kabisa wakati wa kuripoti, vingine husubiri usajili wa mtihani. Ikiwa ni baadaye, 150,000 inapungua kwenye mzigo wa siku ya kwanza, lakini isiguswe nyumbani. Jina lisipoingia kwenye usajili wa mtihani kwa wakati, hakuna wa kumwokoa, hata mkuu wa chuo.

Mwaka wa pili na wa tatu ondoa sare, kitambulisho na tahadhari. Inabaki 2,525,400 kila mwaka kama hawajapandisha. Miaka mitatu yote ni 7,756,200. Iandike hiyo namba mahali mama atakapoiona sasa, siyo mwaka wa pili.

Mistari miwili ya kuangalia kwa makini:

"Mafunzo kwa vitendo 100,000" mara nyingi ni gharama ya usimamizi na usafiri wa kundi. Kula na kulala akipelekwa kituo cha nje, mathalani wiki kadhaa kwenye zahanati au kituo cha afya cha vijijini kwa mazoezi ya afya ya jamii, huenda ni juu yenu. Uliza: "Akiwa nje ya chuo, ile pesa ya chakula aliyolipa inarudishwa, inahamishwa, au imekwenda?" Jibu lije kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

"Fedha ya tahadhari 50,000" ni ya kurudishwa mwisho wa masomo ikiwa hakuvunja wala kupoteza kitu. Wengi hawaidai kwa sababu stakabadhi imepotea. Itunzeni.

Kulipa: benki, kwenye akaunti inayosomeka jina la chuo, hospitali au dayosisi. Namba ya simu ya mtu, hata akiwa mhasibu mwenyewe, usiitumie. Kwenye karatasi ya benki andika jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne na namba yake ya udahili, siyo jina lako wewe mlipaji. Chuo kidogo huwa na mhasibu mmoja na pengine daftari la mkono. Pesa iliyoingia kwa jina "Mwanahamisi" asiyemjua hukaa kwenye orodha ya fedha zisizojulikana mpaka mtu aje na karatasi. Toa nakala mbili, moja yenu, nyingine ya mhasibu, na hakikisha mdogo wako ameondoka na stakabadhi ya chuo. Karatasi ya benki peke yake siyo stakabadhi.

Bima: hiyo 50,400 imekuwa kiwango cha wanafunzi cha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kwa miaka mingi. Kama tayari yumo kwenye kadi ya mzazi na bado inatumika, peleka nakala, wengi huuondoa mstari huo. Angalia tu kadi ya mzazi inamfunika mpaka umri gani.

---

Matokeo_na_Masharti

Upande wa kozi.

Sharti la kuingia Uuguzi na Ukunga ngazi ya stashahada ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza nzuri, siyo sharti. Mdogo wako ana sita yasiyo ya dini, anaingia bila shida. Ile B ya Dini ya Kiislamu haihesabiwi, kama ambavyo Bible Knowledge ya jirani yake haihesabiwi, hata chuo kiwe cha kanisa. Utabibu sharti lake ni hilohilo, kwa hiyo wasimwambie hana sifa za kuhama. Kinachoweza kumzuia ni nafasi: kila kozi ina idadi iliyoidhinishwa na NACTVET, na chuo kikiizidisha majina ya ziada hukataliwa wakati wa uhakiki.

Sasa hiyo F ya Hisabati. Leo haimzuii, itamngoja mbele. Mwenye stashahada ya Utabibu akitaka kusomea udaktari wa binadamu chuo kikuu anatakiwa wastani wa B au GPA (wastani wa pointi) isiyopungua 3.0, na juu ya hapo angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Kuna matabibu wenye GPA nzuri ya stashahada wanaorudi kukaa na watoto wa kidato cha nne kwa ajili ya Hisabati tu. Kama ana ndoto hiyo, arudie mapema akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani) hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Achague kituo kilicho karibu na chuo, siyo Tanga, na aombe ruhusa ya siku ya karatasi ile kabla ratiba ya wodi haijapangwa.

Ngazi zenyewe: mwaka wa kwanza ni NTA 4 (NTA ni ngazi za Taifa za tuzo za ufundi), wa pili NTA 5, wa tatu NTA 6. Akilazimika kukatisha baada ya mwaka wa pili akiwa amefaulu, haondoki mikono mitupu. Kwa Utabibu NTA 5 ni Tabibu Msaidizi, NTA 6 ni Tabibu. Kwa Uuguzi NTA 5 ni astashahada na NTA 6 ni stashahada. Baada ya hapo muuguzi bado ana mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na matabibu wanasajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi husahau kuweka akiba ya hatua hiyo.

Alama hugawanywa 40 za kazi za ndani na 60 za mtihani wa mwisho wa muhula. Kinachowaangusha wengi ni zile 40: jaribio moja amekosa kwa sababu alikwenda msibani bila karatasi, kitabu cha mazoezi ya wodi hakijasainiwa. Kile kitabu kisainiwe siku ileile, na msimamizi aliyemwona akifanya. Mwezi mmoja baadaye muuguzi yule yuko likizo au amehama, na sahihi ya kughushi ni kosa la kufukuzwa. Ukisikia wanafunzi wanasema sapu, keri na disko, sapu ni mtihani wa marudio na una malipo yake ambayo hayamo kwenye fomu yako, keri ni kubeba somo ulilofeli kwenda nalo mbele, na disko ndiyo safari ya nyumbani.

---

Dada_Mkubwa_Tanga

Asanteni sana. Hiyo 482,700 ingetuumbua. Na mkopo wa Bodi je? Nimesikia siku hizi stashahada nao wanapata.

---

Matokeo_na_Masharti

Wanapata tangu mwaka wa masomo 2023/2024, ila ni kwa fani zilizotajwa kwenye mwongozo wa HESLB (hiyo Bodi ya Mikopo), na ndani ya afya kwenyewe si kila kozi. Fungua mwongozo wa mwaka huu uitafute kozi kwa jina. Kama Uuguzi haimo, usiingize mkopo kwenye hesabu zenu hata senti moja. Mkiomba, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa Serikali wa vizazi na vifo, na majina yalingane herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne. "Mwanaisha" huku na "Mwana Isha" kule ni watu wawili kwenye mfumo.

---

Mlezi_wa_Bweni

Salaam dada. Nijibu ya sheria na dini, maana ndiyo yanayomtoa mama jasho.

Anza kwa kuzitenganisha sheria hizo mafungu mawili. Zipo za wodi na zipo za nyumba. Za wodi hazina mjadala chuo chochote, kiwe cha kanisa, cha Serikali au cha taasisi ya Kiislamu. Kucha fupi bila rangi kwa sababu vimelea hukaa chini ya kucha na glavu huchanika. Pete na bangili hazivaliwi kwa sababu mkono haunawiki vizuri chini yake. Nywele zimefungwa zisiangukie kidonda. Simu haiingii wodini kwa sababu ya siri za wagonjwa. Picha moja ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp inatosha kumaliza masomo ya mtu. Hizo mwambie azizoee tangu nyumbani.

Hijabu iko katikati. Hospitali nyingi za misheni zinaikubali ikiwa ni nyeupe, fupi isiyovuka mabega, imechomekwa ndani ya kola, bila pini zinazoning'inia. Tatizo huwa mikono ya gauni. Kunawa kwa kazi ya uzazi na vidonda kunafika kwenye kiwiko, kwa hiyo mkono mrefu unaobana kwenye kifundo haufai. Muombe fundi wa sare ashone mkono mrefu mpana, unaokunjika na kufungwa kwa kifungo juu ya kiwiko. Lakini ulizeni kabla ya kushona! Kama sare inashonwa chuoni kwa ile 120,000, pelekeni ombi kabla ya vipimo kuchukuliwa. Sare ikishakatwa mnalipa upya.

Ibada ya asubuhi. Vyuo vya KKKT kwa kawaida hufungua siku kwa wimbo, somo fupi, sala na matangazo. Hapo kwenye matangazo ndipo penye mtego: mabadiliko ya zamu, majina ya wanaodaiwa, tarehe za majaribio, yote husomwa pale, na karatasi ya mahudhurio hupita palepale. Asiyekuwepo hakosi ibada tu, anakosa habari. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa chuo lisiwe "ni lazima?" bali haya: Je, asiye Mkristo anaruhusiwa kukaa kimya bila kushiriki? Je, kuna anayeruhusiwa kuingia wakati wa matangazo tu? Je, mahudhurio ya ibada yanaingia kwenye ripoti ya tabia? Vyuo vinatofautiana sana hapa, na msimamo wa mkuu aliyepo una uzito kuliko karatasi. Ibada ya Jumapili kanisani ni jambo jingine, aghalabu Waislamu na Wasabato hawafuatwi. Msichanganye tena na sala fupi ya makabidhiano ya zamu wodini, ile ya dakika mbili tatu mbele ya wauguzi wote. Pale anasimama tu kwa heshima, hakuna atakayemtaka aseme neno.

Ijumaa: aandike barua moja mwanzoni mwa muhula kuomba saa ya swala, siyo kuomba kila wiki. Aambatanishe ratiba yake ionekane anafidia vipi. Akiwa zamu, anabadilishana na mwenzake na kiongozi wa wodi asaini. Kutoroka ndiko kunakoharibu, hata sababu ikiwa njema.

Ramadhani inataka maandalizi zaidi. Jiko la bweni huwa na saa zake na daku haimo. Kupika chumbani ni marufuku kila mahali, na siyo ukali wa bure: nyaya za bweni la zamani hazibebi koili wala hita ya kuchemshia maji, na moto wa bweni umeshaua wanafunzi nchi hii. Waislamu wakiwa hata watano waende pamoja kwa matroni wiki tatu kabla, waombe mambo mawili: chakula chao cha usiku kiwekwe kando kwenye hotpoti, na maji ya moto kwenye chupa za chai. Ombi la watu watano linaingia kwenye bajeti ya jikoni, la mmoja linakuwa upendeleo. Kuhusu nyama, uliza nani anachinja. Sehemu nyingi nchini kazi hiyo huachiwa Mwislamu ili watu wote wale, ila uliza.

Karatasi ya geti: bweni liko ndani ya uzio wa hospitali, na mwanafunzi akiumia nje usiku chuo ndicho kinachojibu. Kawaida karatasi ina sehemu tatu za kujazwa: anakokwenda, namba ya ndugu, saa ya kurudi. Namba utakayoandika kwenye fomu ya kujiunga kama mlezi ndiyo itakayopigiwa kuthibitisha. Ukibadilisha laini, wajulishe, vinginevyo mtoto atakwama getini siku ya sikukuu.

Na moja watu huona haya kuuliza: mimba. Soma kifungu hicho neno kwa neno. Kuna vyuo vinavyosema anaahirisha mwaka na kurudi, vingine vimeandika lugha isiyoeleweka. Na ugonjwa je? Likitokea lolote la kumtoa chuoni, aandike barua ya kuahirisha masomo na apate jibu lenye muhuri. Anayeondoka bila barua huandikwa mtoro, na nafasi yake hufutwa.

---

Fundi_Mwongozo

Kabla ya yote hayo: mmehakiki chuo? Ingia tovuti ya NACTVET, tafuta chuo kwa jina. Vya afya namba zao huanza na REG/HAS. Usiishie kwenye "kimesajiliwa". Angalia na kozi yenyewe imo kwenye orodha ya chuo hicho. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa Uuguzi na bado Utabibu hakijaidhinishiwa. Na jina la hospitali kubwa halitoshi kuwa uthibitisho, matapeli wanalijua jina hilo pia.

Halafu mkichaguliwa na chuo binafsi, jina linapelekwa NACTVET kuhakikiwa. Mpaka lionekane kule, mtoto hajawa mwanafunzi kwa Serikali, hata akiwa ameshavaa sare.

---

Msharika_Mtulivu

Nyongeza kuhusu ufadhili. Dayosisi na sharika nyingine hulipia wanafunzi, na si lazima uwe Mlutheri, hasa kama hospitali ina upungufu wa wauguzi. Ila mara nyingi unakuja na mkataba wa utumishi: ukimaliza unafanya kazi hospitali ileile kwa miaka fulani. Hakuna ubaya, ajira yenyewe ni ya kutafutwa. Soma vitu vitatu tu: ni miaka mingapi, mshahara ni wa ngazi ipi, na akipata ajira ya Serikali katikati, anarejesha fedha zote au zilizobaki kwa uwiano. Mkataba usiotaja hilo la tatu usisainiwe mpaka liandikwe.

---

Kigoma_Ng'ambo

Samahani kwa kuingilia. Kwa aliyesoma Burundi au Congo, cheti chake kinakubalika vyuo hivi?

---

Matokeo_na_Masharti

Kwanza apate ulinganifu wa cheti NECTA, na kama kiko kwa Kifaransa kitafsiriwe rasmi. Asiyekuwa raia anahitaji kibali cha ukaaji daraja C, cha wanafunzi, na chuo ndicho kinachoandika barua ya kumwombea. Aanze miezi kadhaa kabla. Aulize pia ada ya wageni, mara nyingi ina safu yake.

---

Dada_Mkubwa_Tanga

Nimewaelewa wote, Mungu awalipe. La mwisho: orodha ya vifaa inasema godoro, neti, ndoo mbili, saa, kipima joto, rimu mbili, jembe au kwanja, chanjo ya homa ya ini. Kuna cha kuacha?

---

Mlezi_wa_Bweni

Godoro usinunue Tanga. Vitanda vya deka vingi ni futi 2.5 kwa 6, ukibeba la futi 3 linakunjika ukutani. Pima kwanza au nunua mji wa karibu na chuo. Neti iwe ya pembe nne, ya duara haina pa kuning'inia kitanda cha chini. Saa iwe na mshale wa sekunde na ya kubandika kifuani, maana ya mkononi haivaliwi wodini. Jembe au kwanja wakubaliane wawili wawili, mmoja hiki mwingine kile. Kwa baridi ya huko blanketi zito lina kazi kuliko pazia la kitanda.

Chanjo ya homa ya ini B ndiyo isichelewe hata siku moja. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita kutoka ile ya kwanza. Akianza leo Tanga, ya pili na ya tatu atapewa hospitali ya huko, mradi abebe kadi. Asiye na kadi huanza upya, na vyuo vingi havimpeleki leba mpaka awe na dozi mbili.

Rimu mbili apeleke moja. Ya pili watamdai muhula wa pili.